Jina Lililobaki Ndani ya Mashine

Mtanisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, na hata huko daftari langu lilikuwa likirudi kwangu na wino mwekundu mwingi kuliko wa bluu. Naandika polepole, nafuta, narudia, na kuna herufi nazibadilisha bila kujua, kama watu wengi wa kwetu. Palipokosewa msome tu, mtaelewa nilichotaka kusema. Kwa mdomo ndiyo siwezi kabisa, maana mbele za watu maneno yananikauka.

Mwezi uliopita nilimpelekea simu yangu fundi mmoja wa Kamunyonge, karibu na pale ninapokaa kusuka nywele. Nikiwa nasubiri kwenye benchi, pua yangu ikashika harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu nikiwa na miaka tisa. Ni harufu ya plastiki iliyopata joto taratibu, pamoja na vumbi. Si harufu ya kuungua. Ni ya kitu kilichoachwa kinawaka siku nyingi. Nikainua kichwa kutafuta inatoka wapi. Kisha nikaiona juu ya meza, katikati ya redio na pasi: mashine ya kijivu yenye mfuniko wa duara, na mbele yake kitaa kidogo cha rangi ya chungwa.

"Hiyo ni ya nini, kaka?"

"Gemu ya zamani, dada. Kuna mtu kaileta niangalie kama inafaa kutolewa vifaa." Akachomoa waya bila hata kuiangalia. "Hizi hazikudumu. Waliozitengeneza wenyewe waliachana nazo mapema."

Alipochomoa ule waya, kifeni cha ndani kilizunguka kidogo kikanyamaza. Nilisimama nikatoka nje, simu nikaiacha mezani. Nilirudi kuichukua kesho yake.

Yetu ilitoka Bunda. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa fundi wa tivii huko, na siku moja katika mzigo wa vyombo vya umeme vilivyotumika alikuta mashine ambayo hakuna mteja aliyeijua. Baba naye alikuwa akifanya kazi Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na alikuwa akija nyumbani Jumapili tu. Basi Jumapili moja wakaja wote wawili nyumbani kwetu Nyasho, baba na mfuko wa unga, mjomba na salfeti begani. Ndani ya salfeti mlikuwa na mashine, pedi mbili za kuchezea, na diski nne zilizofungwa kwenye kitambaa. Mjomba alituambia, mimi na kaka yangu Magesa, kwamba diski nyingine tusitafute. Zile za kwenye vibanda vya gemu mashine hii ilikuwa inazikataa, na zake zilikuwa zimeacha kutengenezwa. Kwa hiyo gemu zote duniani, kwetu sisi, zilikuwa nne.

Kwa sababu zilikuwa nne tulizijua kama tunavyojua vidole. Kila siku tulipanga upya ipi ya kwanza na ipi ya mwisho, na hatukuwahi kukubaliana. Kulikuwa na ya ngumi, ambayo diski yake ilikuwa na mkwaruzo, kwa hiyo mpiganaji mmoja alikuwa akiganda mkono ukiwa juu na tulikuwa tunampiga bila huruma. Kulikuwa na ya teksi ya njano iliyopita juu ya ngazi na juu ya meza za watu wakila, na Zuhura, mtoto wa jirani yetu, aliipenda hiyo kuliko zote. Na kulikuwa na ya samaki. Unarusha ndoano, unasubiri, kisha pedi inatetemeka mkononi mwako na lisamaki linakuja kutoka gizani. Halikuwa sato, halikuwa sangara wala ningu. Lilikuwa la kijani na lina mdomo mpana kama limechekeshwa. Sisi tuliozaliwa tunalisikia ziwa tulibishana wiki nzima ni samaki gani, mwisho tukalipa jina la kamongo aliyeoga.

"Ya samaki ni ya wazee," Zuhura alikuwa akisema. "Unakaa tu unasubiri."

"Wewe huwezagi kusubiri hata andazi lipoe," Magesa akimjibu.

"Na wewe huwezagi kugeuza teksi. Umegonga mama wa watu mara tatu."

"Alikuwa njiani kwangu."

Lakini ya nne tuliiogopa kidogo, na kwa hiyo ndiyo tuliyoipenda. Tuliiita Safari ya Fimbo. Kijana mmoja amejifunga blanketi, ana fimbo, anatembea peke yake katika nchi ya mawe. Mawe yenyewe yalikuwa yamebebana, moja juu ya jingine, kama ya vilima vya Butiama kwa bibi, mpaka mimi niliamini kwamba walioitengeneza walipitia kwetu wakapiga picha. Maneno yaliyokuwa yakitokea chini ya kioo yalikuwa ya lugha tusiyoijua, herufi zake kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Hatukujua kijana anatafuta nini. Sisi watoto wa Mara tulikubaliana bila ubishi wowote: ng'ombe wa kwao wameibwa, anafuata nyayo.

Mwanzoni mashine ilikuwa inakuuliza jina, na ilitoa nafasi sita za herufi. Mimi naitwa Nyangeta, sikutosha. Magesa alitosha kamili, kama vile nafasi zile zilikuwa zinamsubiri. Basi kijana akaitwa Magesa, na jina hilo likakaa pembeni juu ya kioo, na chini yake roho zake tatu, vidoa vitatu vyekundu.

Shida yetu ilikuwa moja. Mashine haikuwa na memori. Mjomba alisema kuna kikadi kidogo kinachopachikwa kwenye pedi ili gemu ikumbuke ulipofika, lakini katika ule mzigo hakikuwemo. Ukizima, yote yanafutika. Umeme ukikatika, yote yanafutika. Tulikuwa tukianza asubuhi, na jioni umeme ukaondoka, na Magesa akaegemea ukuta huku kijana wetu akirudi kule mwanzo kabisa, bila fimbo.

Sasa niwaambie jambo moja la nyumbani kwetu, maana bila hilo mtaniona mjinga tu. Magesa alipozaliwa alilia siku tatu. Hakunyonya. Bibi akaja kutoka Butiama, akamshika, akaanza kumwitia majina ya watu wa ukoo waliotangulia, mmoja mmoja, taratibu. Alipofika kwa Magesa, mdogo wake babu aliyekufa kijana, mtoto akanyamaza na kushika titi. Hivyo ndivyo majina yanavyopatikana kwetu, mtoto anachagua, au aliyekufa anachagua. Hadithi hii bibi aliirudia kila tulipokwenda kwake, na kila mara alimalizia hivyo hivyo: "Jina si kitu cha kuitia tu. Ukiliweka mahali, umemweka mtu." Mimi nilikuwa namsikiliza kwa masikio ya mtoto. Nilielewa kila neno kama lilivyo.

Likizo moja tulifika mbali kuliko siku zote. Tuliacha mashine inawaka usiku, tivii tukaizima, na asubuhi tukaendelea. Tulipita daraja la kamba, tulipita bonde la fisi, na Jumapili jioni Magesa akafika kwenye lango kubwa la mawe lenye mwanga mwekundu kwenye nyufa. Mbele ya lango palikuwa na moto. Hapo kwenye moto maadui walikuwa hawakaribii. Ukimwacha kijana bila kumgusa, anakaa chini, anaweka fimbo magotini, na kifua chake kinapanda na kushuka. Ng'ambo ya lango ilikuwa ikisikika sauti ndogo, ting, ting.

"Kengele za ng'ombe," Magesa alininong'oneza.

Alikuwa amebakiwa na roho moja.

Hakuingia. Alisema macho yanamuuma, ataingia kesho akiwa na nguvu. Nilimtazama nikaona uso wake umevimba, macho yamekuwa madogo kama ya mtu aliyeng'atwa na nyuki. Asubuhi miguu ilikuwa imejaa, ukiibonyeza inabaki shimo. Mama akampeleka hospitali hapa mjini, na kabla ya mchana akarudi mbio kuchukua nguo, kwamba wamepewa barua ya kwenda Mwanza, ni figo. Magesa alikuwa amekaa kwenye bajaji nje ya uwanja wa nyumba, amefunikwa shuka la mama. Nilimsogelea. Alinishika kidole.

"Nyangeta. Usizime."

"Sizimi."

"Hata wakisema. Nikirudi tunaingia."

Bajaji ikaondoka. Mimi niliingia ndani, nikawasha tivii, nikamkuta amekaa kwenye moto. Kifua kinapanda, kinashuka. MAGESA, na kidoa kimoja chekundu. Toka dakika ile sikuwa na shaka hata kidogo. Yule aliyekwenda Mwanza alikuwa mwili. Kaka yangu mwenyewe alikuwa amebaki na mimi, na kazi ya kumlinda nilikuwa nimepewa mimi.

Bibi alifika Jumanne kuja kukaa na mimi. Aliweka kuku wake chini ya meza, akatandika kitambaa chake cha kufuma juu ya tivii kwa sababu hakupenda kioo kinachomtazama, na hakuuliza habari ya mashine. Kwake ile ilikuwa kitu kama redio. Mimi nilikuwa nikisubiri atoke kwenda bombani ndipo nifunue kitambaa niangalie kama bado anapumua. Mara kumi kwa siku, labda zaidi. Mashine ilikuwa imepata joto mpaka mfuniko hauwekeki mkono, na chumba kizima kikashika ile harufu. Nililowesha kitambaa nikakikamua nikawa naipepea, kama mgonjwa.

Adui wangu alikuwa luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Uwanja wetu ulikuwa na wapangaji watatu na mita moja, na mama yake Zuhura alikuwa na friza ya barafu anazouza shuleni. Unit zikipungua haraka, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kusemwa, kwa hiyo alikuwa akiisoma ile mita kuliko mtu yeyote. Jumatano alisimama mlangoni kwetu, kanga kifuani, mkono kiunoni.

"Bibi Magesa, shikamoo. Humu ndani mnapika kwa umeme?"

"Marahaba. Napika kwa mkaa, na moshi wake umeusikia."

"Basi kuna jini linakula unit. Jana usiku nimezima friza yangu nijaribu, asubuhi naangalia, mita bado inatembea."

"Labda inatembea kutafuta mume," bibi alisema, na wote wawili wakacheka. Mimi nilisimama mbele ya meza, nimeficha kile kitaa cha chungwa kwa mgongo. Mama Zuhura hakuwa akinitazama usoni. Alikuwa akitazama miguu yangu, mahali waya ulipopita. Akaondoka.

Jioni ile mama alipiga simu kwa bibi. Nilisikia sauti yake ikitoka kama kwenye kopo. Mtoto hajakojoa tangu jana. Macho yamefunga kabisa. Wanampa dawa, wanasema wasubiri. Kisha simu yake ikaisha chaji. Bibi alibaki ameshika kile kisimu sikioni muda mrefu baada ya sauti kukatika. Halafu akaanza kufunga mzigo wake.

Alhamisi alfajiri alikwenda Butiama, akaniacha kwa Mama Zuhura. Saa kumi jioni alikuwa amerudi, miguu imejaa vumbi jekundu, na uso ambao sikuwahi kuuona kwake. Aliniita ndani akafunga mlango.

"Nimekaa na wenzangu wa ukoo. Yule Magesa wa zamani alikufa kijana, na hakuoa. Anamtaka mwenzake. Mtoto hatuwezi kumwacha na jina hilo. Kuanzia leo kaka yako ni Wambura. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Lile jingine lisitajwe. Wala lisibaki limeandikwa popote, maana likibaki, yule anapata pa kukaa. Mimi sijui kusoma. Wewe unasoma. Nionyeshe."

Sijawahi kufanya kazi nzito kama ile. Nilimshika bibi mkono nikampeleka mahali pote. Madaftari matano ya kaka, bibi akachana majalada. Kola ya sweta la shule, ambako mama alishona kwa uzi mweupe, bibi akafumua mshono kwa sindano, herufi moja moja. Kikombe cha uji kilichokwaruzwa kwa msumari, akakisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa. Dumu la maji. Ukuta wa choo, ambako Magesa mwenyewe aliandika kwa mkaa, MAGESA NDIYE BINGWA, na bibi akaniuliza, "Hayo yote ni jina?" nikamwambia la kwanza tu, akafuta la kwanza, ikabaki kwamba kuna bingwa asiyejulikana. Mama Zuhura alikuwa anafua pale uani, akatutazama.

"Mama Magesa kapiga leo?" aliuliza.

Bibi aligeuka. "Mama Wambura," alisema. Taratibu sana. Mama Zuhura aliacha kukamua nguo. Yeye si wa kabila letu, lakini alikaa Nyasho miaka mingi, akaelewa. "Haya. Mama Wambura," akasema, na akaendelea kufua.

Tuliporudi ndani bibi aliketi, ameshika sindano.

"Yameisha?"

Nyuma yake, chini ya kitambaa cha kufuma, kifeni kilikuwa kinazunguka. Nilikisikia kama mtu anayepumua shingoni kwangu.

"Yameisha, bibi."

Bibi alipiga simu ya mama mara nyingi jioni ile. Haikupatikana. Alimpigia baba Bunda, naye hakuwa na habari. Akaweka simu mapajani akasema, si kwangu, kwa nyumba: "Limebaki mahali."

Sikulala vizuri, na siku iliyofuata sikula. Najua wengine mtacheka, lakini jiwekeni pale mkiwa na miaka tisa. Kaka yangu alinishika kidole akaniambia usizime, hata wakisema. Bibi yangu, ambaye alimnyamazisha siku zile alipozaliwa, alisema jina likibaki linamvuta kaburini. Nikizima, huenda namuua kwa mkono wangu, maana ana roho moja na hakuna memori ya kumkumbuka. Nisipozima, huenda namuua kwa uongo wangu. Na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Hata angekuwepo, mimi ni mtu wa kuuliza?

Ijumaa mchana Mama Zuhura alirudi mlangoni. Bibi alikuwa amekwenda kununua dagaa. Safari hii hakuweka mkono kiunoni.

"Nyangeta mwanangu. Taa ya luku imeanza kuwaka nyekundu. Mimi sijui humo ndani una nini, na sitaki kujua. Nakwambia tu, mpaka jua likizama unit zitakuwa zimeisha. Zikiisha zimeisha, hakuna atakayesemwa."

Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ananipa njia. Ningekaa tu. Umeme ungeondoka wenyewe, na mimi nisingekuwa nimefanya kitu. Niliifikiria. Nilikaa sakafuni nikatazama kivuli cha mlango kikisogea kwenye simenti. Lakini nikamfikiria peke yake pale kwenye moto, anazimika tu ghafla katikati ya pumzi, hakuna aliyemuaga. Nikaona hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Nikafunua kitambaa. Nikawasha tivii. Alikuwa amekaa, fimbo magotini. Nikashika pedi kwa mara ya kwanza tangu aondoke, nikamsimamisha. Nilitaka nimwingize langoni, nijaribu, akatoke upande wa pili kwa miguu yake. Alipiga hatua tatu. Ting, ting, kengele zikawa kubwa zaidi. Langoni pale kitu kikubwa kikaanza kusogea ndani ya ule mwekundu, na kidole changu kikaganda kama yule mpiganaji wetu. Mimi sikuwa mchezaji. Nilikuwa mtazamaji. Roho ilikuwa moja.

Nikamrudisha kwenye moto. Nikamwacha akae. Nikangoja mpaka kifua kishuke.

"Wambura," nilisema, ili ajue aende kwa jina gani.

Nikabonyeza.

Kioo kikawa cheusi, na ndani yake nilijiona mimi. Kifeni kilizunguka kidogo kikanyamaza, na nyumba ikawa na ukimya ambao haukuwepo kwa zaidi ya siku tano. Niliogopa ule ukimya kuliko kitu chochote nilichowahi kuogopa. Nilitoka nje nikakaa ukutani na kuanza kungoja watu waje kulia.

Bibi alirudi na dagaa. Alikuwa hajaweka hata mfuko chini simu ikaita. Nilimtazama mdomo wake. Alikuwa akisema "eeh, eeh, eeh," halafu akaketi pale pale kwenye vumbi, miguu mbele, kama mtoto.

"Amekojoa," aliniambia. "Amekojoa, anaomba ndizi."

Nililia mpaka Mama Zuhura akaacha barafu zake. Ni mimi, nilijua ni mimi, nimezima kwa wakati. Lakini bibi aliendelea kusikiliza, kisha akaniambia mengine: simu ya mama haikuwa na chaji, ndiyo maana hakupiga. Mtoto alianza kukojoa tangu jana asubuhi.

Jana asubuhi. Bibi alikuwa bado hajafika Butiama. Jina lilikuwa kwenye sweta, kwenye kikombe, chooni na kwenye mashine. Hakuna aliyekuwa amefuta wala kuzima chochote. Nilimwangalia bibi kama naye ameliona hilo. Aliliona.

"Jana asubuhi nilikuwa njiani nakwenda kuliuliza," alisema, anajipangusa vumbi. "Lilinisikia nakuja."

Jibu hilo lilimtosha yeye. Nilikuwa nimezima bure.

Kaka alirudi baada ya wiki nyingi, mashavu ya duara kwa ajili ya dawa, na mfuko wa vidonge. Uwanja mzima ulimpokea, Wambura huku, Wambura kule, na yeye alikuwa akigeuka kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Alikuja moja kwa moja kwenye meza. Aliweka mkono juu ya mfuniko. Ulikuwa wa baridi.

"Hukuzima?"

Nilifungua mdomo. Mama Zuhura alikuwa mlangoni na sahani ya pilau ya kumpokea.

"Umeme ulikatika," nilisema.

Alimtazama Mama Zuhura, kwa sababu kila mtu alijua ni nani anayesoma mita. Siku zile mwanamke yule alikuwa amehesabu kila unit. Bibi alikuwa amenunua umeme kabla jua halijazama siku ile, na taa hazikuzimika hata dakika moja.

"Ulikatika, mwanangu," alisema. "Hata barafu zangu ziliyeyuka."

Jioni yake tulianza upya. Mashine ikauliza jina. Aliandika herufi sita, WAMBUR, nafasi zikaisha. Kisha akaweka pedi chini akasema leo tucheze ya samaki. Safari ya Fimbo hakuigusa tena, na mimi sikumwuliza. Miezi michache baadaye mashine ikaanza kushindwa kusoma diski. Mjomba aliichukua Bunda, akaifungua, akasema jicho lake limekufa na la kubadilisha halipo, maana hazitengenezwi. Haikurudi.

Kaka yangu sasa ni mtu mzima, ana afya, anafanya kazi Bunda na mjomba. Wakati mwingine tukiwa na mawe mbele yetu, tukienda kwa bibi, ananiuliza, kama mtu anayetania, "Unafikiri walikuwa ng'ombe kweli?" Mimi nageuza macho dirishani. Nimemdanganya kwa muda mrefu kuliko muda ambao ile mashine iliwahi kuuzwa madukani.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Ninyi wa rika langu mlicheza gemu nyingi, katika miji mingi, na pengine kuna mmoja aliyekuwa na mashine ya kijivu yenye mfuniko wa duara na kitaa cha chungwa. Kama wewe ulivuka lile lango, niandikie. Usijali mwandiko, wangu umeshauona. Niambie tu kule ng'ambo kulikuwa na nini kilichokuwa kinalia ting, ting. Nikipata barua yako nitapanda gari kwenda Bunda nikamsomee. Lakini kabla sijaifungua nitamwambia kwanza kwamba umeme haukukatika.